Ukungu wa Bibi Uandikwe au Usiandikwe?



Vijana wanaoandika hadithi za kule tulikotoka wanatuuliza: bibi anasema usiku ule wa kukimbia ukungu ulitufunika mpaka tukavuka mto. Tuandike hivyo, au tutaonekana waongo?

Sisi tunasema andikeni. Tazameni alivyofanya Ebrahim Hussein wa Tanzania katika tamthilia yake *Kinjeketile*, iliyotoka mwaka 1969. Inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, watu wa kusini walipowakatalia Wajerumani. Wazee wa huko walisimulia kwamba Kinjeketile wa Ngarambe alizama majini, ndugu zake wakamtafuta wasimwone, kesho yake akatoka nguo zikiwa kavu. Hussein hakulifuta ajabu hilo, wala hakulitia mbwembwe. Mtu anaingia majini, anatoka mkavu, basi. Kandokando yake kuna mambo ambayo kila mkulima wa wakati ule aliyajua mwilini: shamba la pamba la lazima, viboko, njaa nyumbani. Hayo ukishayaamini, na lile moja unalipokea.

Lakini angalieni alipoishia. Maji hayakuzuia risasi. Watu walikufa kwa maelfu na maelfu, wengi wao kwa njaa, maana Wajerumani walichoma vyakula na mashamba. Hussein angeandika kwamba dawa ilifanya kazi, jamani, angekuwa amewadanganya wajukuu juu ya marehemu wao.

Kwa hiyo ukungu wa bibi uwepo, ila mto uwe ule ule, na mwaka uwe ule ule. Kama kuna mtoto alibaki ng'ambo, ukungu usimrudishe. Muulizeni bibi mlibeba nini, nani alitangulia, mlikula nini njiani, chumvi ilikuwa bei gani sokoni kabla ya vita. Vitu vidogo kama hivyo ndo vinashika hadithi. Na ukungu wenyewe msieleze ulitoka wapi. Bibi mwenyewe haelezi, anasema tu ulikuja.

Kurasa mbili za daftari zinatosha, mwandiko usomeke. Majina ya watu walio hai myabadilishe, maana wengine bado wana ndugu kule.