Kwa Nini Chanjo ya Surua Ina Siku Yake

Mzazi anayefika zahanati na mtoto wa miezi 9, kisha akaelezwa kuwa chanjo ya surua na rubela hutolewa siku iliyopangwa, huweza kudhani amenyimwa huduma. Sababu ya utaratibu huo imo ndani ya chupa yenyewe.

Chanjo hiyo huja ikiwa unga mkavu, na chupa moja huweza kuwa na dozi 10. Muuguzi huuchanganya unga huo na kimiminika chake maalumu kabla ya kuchanja. Tangu hapo chanjo haitumiki zaidi ya saa 6, na kliniki ikifungwa mapema, kilichobaki hutupwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa vijidudu vinaweza kuzaliana ndani yake na kumdhuru mtoto. Hairudishwi kwenye jokofu kusubiri kesho.

Ugumu ni kwamba hakuna ajuaye kwa hakika idadi ya watoto watakaofika. Wakifika 20, chupa 2 hutosha na hakuna kinachopotea. Wakifika 12, chupa ni zile zile 2, na dozi 8 hutupwa. Mvua, msiba au siku ya mnada hutosha kubadili hesabu.

Zahanati ikiagiza chanjo chache, watoto hurudi bila kuchanjwa. Ikiagiza nyingi, hujaza jokofu mpaka muda wake ukaisha. Kwa hiyo kituo hukadiria mahitaji kwa idadi ya watoto wanaotarajiwa na matumizi ya miezi iliyopita, huongeza akiba kidogo, na hutanguliza chupa inayokaribia mwisho wa muda wake.

Si kila dozi inayotupwa ni uzembe. Surua huambukiza upesi na huweza kuua. Hasara ya mtoto mmoja kukosa chanjo hailingani na ya dozi chache.

Wazazi na walezi wanaombwa kutunza kadi ya kliniki, kufika tarehe iliyoandikwa, na kurudi tena mtoto atimizapo miezi 18 kwa dozi ya pili. Anayesafiri au kuhama amjulishe mapema mhudumu wa afya wa eneo lake. Aliyepitwa na tarehe asibaki nyumbani kwa kuona haya. Afike kituoni apangiwe siku iliyo karibu.