Vigogo wa siasa Kenya: Je, neno lao lingali sheria?

Katika uchaguzi mkuu wa Kenya wa Desemba 2007, wana watatu wa rais mstaafu Daniel arap Moi waliwania viti vya ubunge katika Bonde la Ufa, eneo ambalo baba yao alikuwa na usemi wa mwisho kwa miongo kadhaa. Mzee Moi mwenyewe alikuwa amewataka wakazi wamchague tena Rais Mwai Kibaki. Gideon, Raymond na Jonathan wote walishindwa. Makamu wa Rais Moody Awori naye alipoteza kiti chake cha Funyula.

Ukaidi huo haukuwa mpya. Mwaka 2002 Moi alimteua Uhuru Kenyatta kuwa mrithi wake, lakini wapiga kura wakampa Kibaki takriban asilimia 62 na kukiondoa madarakani chama cha KANU kilichotawala tangu uhuru mwaka 1963. Novemba 2005 ikawa zamu ya Kibaki kukataliwa: rasimu ya katiba aliyoiunga mkono iliangushwa katika kura ya maoni.

Hata hivyo, ni vyema kutazama nani aliyefaidika. Muungano wa NARC uliomwangusha mteule wa Moi ulijaa wanasiasa waliokuwa wameihama KANU miezi michache tu kabla ya kura, akiwemo Raila Odinga, ambaye tamko lake la "Kibaki tosha" liliwaelekeza mamilioni ya watu. Na wale waliomgeuzia Moi kisogo mwaka 2007 walimfuata William Ruto, mwanasiasa aliyekulia chini ya mbawa za Moi huyo huyo. Kigogo mmoja alikataliwa, mwingine akasikilizwa.

Hesabu ya kura

Katiba ya mwaka 2010 iliwapa vigogo hao sababu zaidi ya kuafikiana. Mshindi wa urais sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Hakuna jamii inayoweza kufikisha idadi hiyo peke yake. Kwa hiyo kila uchaguzi hutanguliwa na mapatano ya wakubwa, kila mmoja akidai kuwa na kapu la kura za watu wake.

Mwaka 2022 kapu moja lilitoboka. Rais Uhuru Kenyatta, akiwa anamaliza muhula wake, aliwasihi watu wa Mlima Kenya wampigie kura Raila Odinga. Wengi wao walimchagua Ruto, hata katika kaunti ya Kiambu, nyumbani kwa Kenyatta. Ruto alishinda kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Alikuwa amejinadi kama mtetezi wa walalahoi dhidi ya watoto wa wakubwa, na maneno hayo yalipata masikio kwa watu waliolemewa na bei ya unga. Lakini pia alikuwa na mgombea mwenza kutoka Nyeri, Rigathi Gachagua, na jambo hilo si dogo.

Juni 2024 ilikuwa tofauti. Vijana waliopinga Mswada wa Fedha walisema hawana kabila, chama wala kiongozi. Tarehe 25 waliingia bungeni, na makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya wiki hizo. Ruto aliukataa mswada na mwezi uliofuata akalivunja baraza la mawaziri. Alipolijaza upya, aliwaingiza wanasiasa wa chama cha Odinga. Vijana hawakuwa na mtu wa kuketi mezani, na ndivyo walivyotaka. Wakubwa wakapatana wao kwa wao. Oktoba mwaka huo Bunge lilimwondoa Gachagua madarakani, na Odinga alifariki dunia Oktoba 2025.

Wasiopiga kura

Pengine dalili nzito zaidi haipo katika matokeo bali katika vituo vilivyokuwa vitupu. Mwaka 2013 takriban asilimia 86 ya waliojiandikisha walipiga kura. Mwaka 2022 walikuwa kama asilimia 65. Asiyejitokeza hamtii kigogo, ila hamwondoi pia, na kigogo mwenye wafuasi wachache walio watiifu hunufaika na utoro huo.

Wakenya walio ng'ambo nao wamo katika hesabu hii. Mwaka 2022 waliruhusiwa kumchagua rais katika nchi 12, zikiwemo Uingereza, Marekani, Qatar na Umoja wa Falme za Kiarabu. Waliojiandikisha walizidi 10,000 kwa mamia machache tu, kati ya wapiga kura milioni 22.