Ilimu ya Mkono na Macho: Kuzitokeza Ree Nne
Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi majina ya karata, kopa, uru, shupaza na pao, pamoja na turufu yenyewe, yalivyobaki vinywani mwa watu wa pwani kutoka lugha ya Wareno, hata baada ya Wareno wenyewe kutolewa katika Ngome ya Yesu mwaka 1698. Leo twaingia katika zoezi tuliloahidi, la kuzitokeza ree nne. Nimelichagua kwa sababu mbili: kwanza, halihitaji vidole vilivyofunzwa kwa miaka, bali hata mtoto ajuaye kuhesabu hadi tatu aweza kulifanya, na pili, ndani yake mna siri ile ile ambayo kwayo wasafiri wa Kitengela na Kajiado hupokonywa fedha zao mchana kweupe, na mwenye kuijua mezani pake hatakosa kuitambua njiani.

Twaa karata zote 52, na kabla wageni hawajaketi uzitoe ree nne uziweke juu ya rundo, zikiwa zimelala kifudifudi kama wenzao. Mtake mtazamaji alikate rundo kuwa mafungu manne yanayokaribiana ukubwa, kwa mkono wake mwenyewe, nawe usiguse kitu. Jambo la kushika moyoni ni moja tu: fungu lipi lilikuwa juu ya rundo la asili, kwa kuwa hilo ndilo lenye ree, na zamu yake itakuwa ya mwisho. Kisha umwelekeze aanze na fungu mojawapo la yale matatu mengine: atoe karata 3 za juu, moja baada ya moja, azipeleke chini ya fungu hilo hilo, halafu agawe karata moja moja juu ya kila fungu lililobaki mezani. Afanye vivyo hivyo kwa fungu la pili na la tatu, na mwishowe kwa lile la ree. Akiisha, mwambie afunue karata ya juu ya kila fungu, naye ataona ree nne zimemkabili, kila moja juu ya fungu lake.

Zoezi hili limo katika kitabu cha Jean Hugard na Frederick Braue kiitwacho The Royal Road to Card Magic, na hesabu yake ni nyepesi mno. Kila fungu katika yale matatu ya kwanza liligawa karata 1 juu ya ree, kwa hiyo zamu ya mwisho ilipofika ree zilikuwa zimefunikwa na karata 3. Na karata hizo 3 ndizo zilizopelekwa chini. Ree zikarudi juu, tatu zikagawiwa mafungu mengine, na ya nne ikabaki kwao. Ile kazi iliyofanywa mara tatu kabla yake haikuwa na faida kubwa zaidi ya kuyachosha macho, maana jambo lililorudiwa mara tatu bila madhara, mara ya nne halitazamwi na mtu. Na mtazamaji ataapa kwamba yote aliyafanya yeye, naye atakuwa msema kweli, ila hakukumbuka kwamba hiari yake ilikuwa katika kukata, wala haikuwa katika kupanga zamu.

Huenda msomaji akauliza kama ni halali kuifichua siri ya mazingaombwe. Reginald Scot, Mwingereza, alipochapisha The Discoverie of Witchcraft mwaka 1584, alieleza waziwazi viinimacho vya sarafu na vya karata, kusudi wepesi wa mikono usidhaniwe kuwa uchawi na watu wasio na hatia wakaadhibiwa. Mimi nami naona ya kuwa siri ya kufurahisha yafaa kuhifadhiwa kwa adabu, lakini siri ya kudhulumu yafaa kutangazwa.

Basi na twende njiani. Kandokando ya barabara ya Namanga, pale magari ya Kajiado yanaposubiri kujaa, niliwahi kumwona mzee mmoja, shuka begani na fimbo mkononi, ametoka kuuza fahali, amesimama mbele ya boksi lililogeuzwa kuwa meza. Juu yake palikuwa na karata tatu, mojawapo ree, na mchezo ule, kama ajuavyo kila mkaazi, huitwa pata potea. Watu wawili walicheza mbele yake wakashinda, nao walikuwa wenzi wa mwenye karata, wakamwambia, "Mzee, si umeiona mwenyewe? Weka hapo." Alikuwa ameiona kweli. Lakini mkono wa mchezeshaji hushika karata mbili, moja juu ya nyingine, na jicho hudhani kwamba ya chini ndiyo iangukayo kwanza, ilhali aliyoitupa ni ya juu. Mzee alichagua kwa hiari yake, na bei ya fahali ikaenda.

Mchezo huo Kurani Tukufu imeuharimisha pamoja na kila kamari, katika Sura ya al-Maida, na sheria ya Kenya, katika kifungu cha 315 cha Kanuni ya Adhabu, humwekea kifungo cha hadi miaka 3 ajipatiaye mali ya mtu kwa hila ya namna hiyo. Lakini askari hufika fedha zikiwa zimekwisha kwenda, na ngao ya kwanza ni maarifa.

Wala ngao hiyo si ya karata peke yake. Tangu ranchi ya pamoja ya Kitengela ilipogawanywa mwaka 1988, ardhi hapa imepita mikono mingi, na mnunuzi huambiwa achague kiwanja apendacho, aguse mawe ya mpaka, aishike hati kwa mikono yake miwili, kisha alipe leo na kulitazama daftari la ardhi kesho. Yote hayo ni kukata karata. Zamu imepangwa na mwingine. Aliye na busara hupanga zamu mwenyewe: daftari kwanza, wakili na majirani baadaye, fedha mwisho.

Sehemu ijayo, inshallah, tutaeleza jinsi karata zinavyochangwa bila kuchanganyika. Kwa sasa wafundisheni watoto zoezi hili la ree nne, na wakiisha kushangaa na kucheka, msiwaulize ree zimetoka wapi, bali waulizeni, nani aliyepanga zamu?