Nguzo za Kibao: Zichaguliwe Vipi, Zitunzwe Vipi?

Kibao cha kuelekeza njia ya madrasa au msikiti huandikwa kwa khati nzuri, na kila apitaye hukisifu. Nguzo zake hazitazamwi na mtu, mpaka siku ya upepo mkali zinapokatika na kibao kuangukia njia wanayopita watoto. Kwa kuwa vibao hivi hununuliwa kwa michango ya wazazi, tumeona tueleze namna ya kuzifanya nguzo zidumu.

Kwanza tufahamu nguzo huozea wapi. Wengi hudhani ni chini kabisa, ndani ya shimo. Sivyo. Mara nyingi huoza usawa wa ardhi na sentimita chache chini yake. Kuvu inayokula mti huhitaji maji na hewa kwa pamoja. Chini sana hewa ni chache, na juu jua hukausha. Usawa wa ardhi vyote viwili vipo. Mchwa nao hupandia hapo hapo. Kwa hiyo ukitaka kuichunguza nguzo ya zamani, fukua udongo kidogo, kisha choma kwa bisibisi. Ikizama kwa urahisi, nguzo hiyo imekwisha, hata kama juu inang'aa rangi.

Sasa kuchagua. Mti una kiini chenye rangi iliyokoza, na weupe wa nje. Kiini cha mvule au msaji hustahimili mchwa na kuoza. Weupe wa mti huo huo haustahimili. Basi fundi akikuambia "hii ni mvule", itazame rangi yake kabla ya kutoa fedha. Boriti za mikoko ni imara na wazee wetu walizijengea majumba ya mawe, lakini mikoko haikatwi bila kibali. Asiyeweza bei ya mvule anunue nguzo ya mkaratusi iliyotiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo, kama zile za umeme. Dawa ya kupaka kwa brashi hailingani nayo, maana hubaki juu juu.

Nguzo ya mita 3 ichimbiwe kama sentimita 75. Tandaza kokoto chini ya shimo ili maji yapenye. Zege isiizibe ncha ya chini kama kikombe. Nayo ipande kidogo juu ya ardhi na kuteremka pande zote, mvua isituame. Ncha ya juu ikatwe mshazari au ivishwe bati, kwani mti hunywa maji zaidi pale ulipokatwa kuliko ubavuni.

Rangi isipakwe kwenye mti mbichi. Ukishakauka, piga msasa, paka praima, kisha rangi ya mafuta mara mbili. Vanishi haiwezi jua letu, hupasuka na kubambuka. Oili chafu ya magari hatuipendi: rangi haishiki juu yake, na huchafua udongo. Mabaharia wa pwani hupaka majahazi sifa, yaani mafuta ya samaki, nao hurudia kila baada ya muda. Nguzo nazo zikaguliwe kila mwaka kabla ya masika.

Vipande vinavyobaki vya mti uliotiwa dawa visipelekwe jikoni kuwa kuni. Dawa nyingi za namna hii zina shaba, kromiamu na aseniki, na moshi wake na majivu yake ni sumu. Wanafunzi watakaosaidia kazi wasiondoke navyo, na mwenye kukata kwa msumeno afunike pua na mdomo.