Kinachowaua watu wenye VVU, na namna ya kukiwahi

Mtu anayeishi na VVU anapofariki katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Lipingo na Mbamba Bay, chanzo cha kifo hutajwa msibani kwa sauti ya chini: "ule ugonjwa." Mazungumzo huishia hapo. Waombolezaji hutawanyika bila kujua kilichomuua hasa, na mwenzao mwingine aliye katika hatari ileile hurudi nyumbani bila onyo lolote.

Virusi vya UKIMWI huua kwa kuwafungulia wengine mlango. Hushambulia chembe za kinga ziitwazo CD4. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo zaidi ya 500 katika kila tone dogo la damu linalopimwa maabara. Zikishuka chini ya 200, Shirika la Afya Duniani huiita hali hiyo VVU vya hatua ya juu. Hapo vijidudu ambavyo mwili ulikuwa ukividhibiti kwa miaka hupata nguvu. Watoto wenye VVU walio chini ya miaka mitano huhesabiwa kuwa katika hatari hiyo pindi wanapogundulika, iwapo bado hawajatulia kwenye matibabu.

Muuaji wa kwanza ni kifua kikuu (TB). Mwaka 2023, TB iliua watu wapatao 161,000 wenye VVU duniani. Uchambuzi wa tafiti za maiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu watu wazima wanne katika kila kumi waliokufa wakiwa na VVU walikuwa na TB, na takriban nusu ya hao hawakuwahi kuambiwa kuwa wanayo. Sababu yake ni kwamba kinga ikiwa imeporomoka, TB haikai kwenye mapafu peke yake. Huingia kwenye damu, ini, tezi na ubongo. Mgonjwa anaweza asikohoe wala kutoa makohozi, na picha ya kifua ikaonekana safi. Anakonda, anatoka jasho usiku, homa haimwachi, naye hutibiwa malaria mara ya pili na ya tatu.

Kwa wagonjwa wa namna hii kuna kipimo cha TB kinachotumia mkojo, na majibu yake hutoka chini ya nusu saa. Kilijaribiwa kwa wagonjwa waliolazwa katika nchi nne za Afrika. Mbeya, iliyo upande wa kaskazini wa ziwa letu, ilikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti huo. Matokeo yalitoka mwaka 2016: ndani ya wiki nane walifariki asilimia 21 ya waliopimwa mkojo, ikilinganishwa na asilimia 25 ya wale ambao hawakupimwa.

Muuaji wa pili ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokokasi. Fangasi huyu huishi kwenye udongo na kinyesi cha ndege, nasi sote humvuta kwa pua bila kudhurika. Kinga ikiisha, hupanda ubongoni. Dalili kubwa ni maumivu ya kichwa yanayodumu kwa wiki nyingi. Baadaye huja kutapika, kuona maruweruwe na kuchanganyikiwa, na wapo wanaodhani mgonjwa amerogwa au amepandwa na majini. Wakati anapelekwa huku na huku, siku zinapotea. Lakini chembechembe za fangasi huyo huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Akigundulika mapema, vidonge vya flukonazoli humzuia asifike ubongoni.

Nyuma ya hao wawili wapo wengine: nimonia, vijidudu vinavyosambaa kwenye damu, kuhara kusikokoma, na saratani ya ngozi iitwayo Kaposi.

Je, nani anafikia hatua hiyo leo? Tanzania ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi (ARV) bure mwaka 2004, mwaka ambao vifo vya UKIMWI duniani vilifikia kilele cha milioni 2.1. Kufikia mwaka 2023 vilikuwa vimeshuka hadi 630,000. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulionyesha kuwa takriban asilimia 83 ya watu wazima wenye VVU nchini walijua hali zao, asilimia 98 ya hao walikuwa wakitumia dawa, na asilimia 94 ya wanaotumia dawa virusi vyao vilikuwa vimefubaa. Kwa hiyo vifo vingi sasa huwapata makundi mawili: wanaochelewa kupima, na walioanza dawa wakaziacha.

Kwenye mwambao wetu kundi la pili ni rahisi kulielewa. Mvuvi wa usipa hufanya kazi usiku na kuhama kambi kufuata samaki. Tarehe ya kliniki humkuta mbali, naye huona haya kumeza vidonge mbele ya wenzake kambini. Lakini mgonjwa aliyetulia anaweza kupewa dawa za miezi mitatu au hata sita kwa mkupuo, na akiwa safarini na kadi yake anaweza kuhudumiwa katika kliniki nyingine ya VVU (CTC). Wavuvi waambiwe hivyo waziwazi, kabla hawajasukuma mtumbwi.

Lipo pia neno linalosemwa vijijini: "alikuwa anatembea mwenyewe, dawa ndizo zilizommaliza." Ni kweli kwamba wanaoanza ARV wakiwa wamechelewa hufa zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo. Kinga inapoamka, huishambulia kwa nguvu TB au fangasi aliyekuwa amejificha, na mgonjwa huzidiwa. Ndiyo maana mtu mwenye fangasi ubongoni hutibiwa kwanza kwa wiki nne hadi sita, kisha ndipo ARV huanza. Kosa liko katika kuanza bila kutafuta kilichojificha.

Watanzania wameshathibitisha njia. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), wakiongozwa na Sayoki Mfinanga, walifuatilia wagonjwa karibu 2,000 wa Dar es Salaam na Lusaka wenye CD4 chini ya 200. Nusu yao walipimwa fangasi kwenye damu na kutembelewa nyumbani kila wiki na wahudumu wa jamii katika mwezi wa kwanza wa dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa vifo katika kundi hilo vilipungua kwa asilimia 28. Kazi ya wahudumu hao nchini imetegemea sana fedha za Marekani, zilizositishwa ghafla Januari 2025. Halmashauri ya Nyasa na nyingine zinapaswa kuwaweka wahudumu hao katika bajeti zao wenyewe.

Wanaodumu kwenye dawa wanazeeka, nao wanakabiliwa na shinikizo la damu, kisukari na saratani. Mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani ya mlango wa kizazi mara sita ya mwenzake asiye na virusi, hivyo apimwe mara kwa mara hata kama hana dalili.

Ndugu msomaji, kama uliacha dawa, rudi. Kama ndugu yako alikuwa akinywa dawa akaacha, msindikize bila kumhukumu. Mkifika, mwambieni mhudumu ukweli kwamba dawa zilikatizwa, kisha ombeni CD4 ipimwe, na ikiwa chini ya 200, ombeni vipimo vya TB na vya fangasi. Kichwa kikiuma wiki nzima au homa ikirudi baada ya dawa za malaria, msingoje tarehe ya kliniki: nendeni siku hiyohiyo.