Sifuri na Tupu si Kitu Kimoja: Kuisoma Kumbukumbu ya Mgonjwa Ndani ya Kompyuta

Jibu la maabara huonekana kwenye skrini kama namba moja tu. Ndani ya programu, hata hivyo, namba hiyo ni sehemu ya muundo wa data, yaani taarifa kadhaa zilizofungamanishwa pamoja. Hitilafu inapotokea, mtaalamu wa kompyuta hana budi kuufungua muundo huo na kuusoma. Mifumo mingi huutuma kwa mtindo uitwao JSON, mara nyingi katika mstari mmoja usio na nafasi:

{"mgonjwa":"014","virusi":null,"sukari":"7.0"}

Mashine huusoma bila taabu, lakini taarifa zikiwa mia moja, jicho la binadamu hupotea. Kwa hiyo programu huamriwa kuipa kila taarifa mstari wake:

{
  "mgonjwa": "014",
  "virusi": null,
  "sukari": "7.0"
}

Kilichobadilika ni mpangilio tu, lakini sasa mambo mawili yanaonekana wazi.

La kwanza ni neno null, lenye maana kwamba hakuna thamani iliyoandikwa. Huenda wingi wa virusi vya UKIMWI haukupimwa, au jibu halijafika. Programu ikiugeuza utupu huo kuwa 0, daktari anaweza kudhani kwamba virusi vimefubazwa, na mgonjwa anayehitaji kipimo akaambiwa kuwa anaendelea vizuri.

La pili ni alama za kunukuu zinazoizunguka 7.0. Zinaonyesha kwamba kiwango cha sukari kimehifadhiwa kama maandishi, si namba. Maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi kuanzia kushoto. Programu ikiombwa kuwapanga wagonjwa kuanzia mwenye sukari nyingi zaidi, "7.0" itatangulia "15.0", na mgonjwa aliye hatarini atashuka chini ya orodha. Katika lugha ya Python, amri ya print huondoa alama hizo, hivyo namba na maandishi hufanana. Amri ya repr huzibakiza. Anayetafuta hitilafu atumie ile isiyoficha tofauti.

Maonyesho haya yana hatari yake. Mara nyingi hubaki katika faili zinazosomwa na watu wasiomhudumia mgonjwa. Jina, namba ya simu na anwani vifichwe kabla ya kumbukumbu kuonyeshwa.

Mhudumu wa afya anaporipoti hitilafu, aandike saa, namba ya kumbukumbu, kilichoonekana kwenye skrini na kilichoandikwa kwenye karatasi ya maabara. Maneno "mfumo haufanyi kazi" pekee hayamwonyeshi mtaalamu pa kuanzia. Nawe mgonjwa, ukisomewa jibu la sifuri, una haki ya kuuliza: je, nilipimwa ikapatikana sifuri, au sikupimwa?