Haiperikamu: Tunda Linalouzwa Kama Ua

Katika mashada ya mawaridi yanayosafirishwa kutoka Kenya kwenda Ulaya huchomekwa mara nyingi vijiti vyenye vitunda vinavyong'aa, vyekundu, vyeupe, vya kijani au vya rangi ya pichi, ambavyo mnunuzi huvihesabu kuwa maua ilhali ua lenyewe lilikwisha kupukutika shambani. Mmea huo ni haiperikamu, jenasi yenye spishi zinazokaribia 500, na aina zinazolimwa kwa mapambo zimetokana hasa na Hypericum androsaemum, kichaka cha Ulaya, pamoja na chotara wake.

Ua la haiperikamu ni la manjano, lina petali tano na stameni nyingi, yaani nyuzi zinazobeba chavua. Petali zikishaanguka, ovari huvimba na kuwa tunda, huku sepali, yaani vijani vilivyolifunika ua lilipokuwa tumba, zikibaki chini ya tunda kama kola ya shati. Petali kazi yake ni kuwaita wadudu kwa siku chache kisha kunyauka, lakini tunda halina budi kuzihifadhi mbegu mpaka zikomae, na ndiyo maana petali za waridi hunyauka chomboni wakati beri iliyo kando yake bado ni ngumu. Hata hivyo, tawi hukatwa tunda likiwa limeshika rangi lakini halijaiva kabisa, kwa kuwa tunda la H. androsaemum likiiva hugeuka jeusi.

Ugumu wa kilimo chake Afrika Mashariki hautokani na joto, maana Naivasha, iliyo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ina usiku wa baridi ya kutosha. Unatokana na urefu wa mchana. Haiperikamu huchanua mchana unapokuwa mrefu, kama ilivyo katika kiangazi cha Ulaya, ilhali karibu na Ikweta mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo wakulima huwasha taa usiku ili mmea uhadaike. Adui mwingine ni kutu, ugonjwa unaoletwa na kuvu Melampsora hypericorum, unaoacha vumbi la rangi ya chungwa chini ya jani. Na kwa kuwa tawi huuzwa pamoja na majani yake, uzuri wa tunda pekee hauwezi kuliokoa.

Inastaajabisha kidogo kwamba mgeni huyu ndiye aliyepata soko, wakati Hypericum revolutum, mzaliwa wa miteremko ya Mlima Kenya na Kilimanjaro, mwenye maua makubwa zaidi, hana beri za kuuza, kwani tunda lake ni kavu na hupasuka.

Anayeweka matawi haya nyumbani ayaondoe majani yote yanayozama majini, maana huoza upesi, akate upya ncha za vijiti kila anapobadilisha maji, na awaonye watoto kwamba beri hizo haziliwi.